Foleni Isionekane

Nchi ninayoisimulia si hiyo yenu. Yenu mnaijua wenyewe, na mambo yake bila shaka ni mazuri. Hii yangu iko mbali kidogo, na mimi ndani yake ni fundi viatu, mtu mdogo ninayeipenda serikali yangu kwa moyo wote. Atakayesema nimeongeza chumvi na aje aonje mwenyewe.

Siku moja Mheshimiwa Rais wetu, ambaye kwa heshima tunamwita Baba wa Upeo, alikuwa akipita mbele ya Hospitali Kuu kwenda kuzindua kisima. Msafara wake ukakwama. Getini palikuwa na magari yaliyoleta wagonjwa, mengine yakitafuta pa kuegesha, mengine yakitafuta pa kutokea, na ndani ya ua wagonjwa wenyewe walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi mpaka nje ya uzio. Baba wa Upeo akateremsha kioo, akatazama, akasema, "Sitaki kuona foleni hapa." Akapandisha kioo, msafara ukapata upenyo, akaenda kwenye kisima chake.

Maneno manne tu, na yalitosha kuivunja hospitali nzima.

Kwa sababu, kama mjuavyo, foleni ni ya magari na foleni ni ya watu. Waziri wa Barabara alisema Mheshimiwa alikusudia magari, kwani ndiyo yaliyomkwamisha. Waziri wa Afya akasema hapana, kilichomuumiza Mheshimiwa ni mabenchi, maana ana huruma. Kumuuliza mwenyewe haikuwezekana. Kumuuliza mkubwa alikuwa na maana gani ni kumwambia kwamba hakueleweka, na wa mwisho kufanya hivyo sasa ni balozi wetu katika nchi ambayo bado haijapatikana.

Bunge likajadili. Akaitwa profesa wa lugha, akaeleza kwamba neno hilo lina maana zote mbili kutegemea muktadha. Akaamriwa autoe huo muktadha. Akasema muktadha Mheshimiwa aliondoka nao ndani ya gari. Wabunge wakampigia meza kwa hasira, na mawaziri wale wawili wakakamatana mashati kwenye ngazi za Bunge, mmoja akipigania watu na mwingine akipigania magari, hadi mashati yote mawili yakachanika.

Aliyetuokoa ni Katibu Mkuu Kiongozi, mtu mtulivu, aliyesoma vizuri. Alisimama akasema, "Waheshimiwa, mbona mnagombana? Mheshimiwa hakusema foleni isiwepo. Amesema hataki kuiona. Basi na isionekane."

Ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Mimi niliisikiliza hotuba ile redioni nikiwa nashona soli, na nakiri kwamba mwili ulinisisimka.

*

Wodi zikabomolewa. Nyumba za manesi zilizokuwa nyuma ya hospitali nazo zikabomolewa, ili pawe na nafasi ya kuanzia mlima wa barabara mpya. Mahali pake likasimama jengo refu la zege, na ndani yake barabara moja nyembamba inazunguka kwenda juu, inazunguka, mpaka inafika kileleni, na kule kileleni ndiko kulikowekwa matibabu. Foleni ya watu na foleni ya magari ziliunganishwa kuwa moja. Mgonjwa anaingia na gari lake, anakaa ndani ya gari lake, anasogea kidogo kidogo, mpaka afike kwa daktari. Ukuta haukuwekwa dirisha hata moja. Dirisha likiwepo, foleni itaonekana.

Kabla ya ujenzi wadau tuliitwa kutoa maoni, kwa sababu serikali yetu ni sikivu. Mzee mmoja aliuliza mbona kwenye ramani vitanda vimepungua na maegesho yameongezeka. Waziri wa Barabara, akiwa amevaa shati jipya, akamjibu kwa upole: "Mzee wangu, kitanda kinabeba mtu mmoja. Nafasi ya gari inabeba gari zima, na gari linabeba watu watano. Hesabu hiyo nakuachia wewe."

Mwingine akauliza habari ya mgonjwa asiye na gari.

"Ndugu yangu," akasema Waziri wa Afya, na sauti ikamtetemeka kwa uchungu, "swali lako ni la kukatisha tamaa. Leo mnauliza wasio na gari. Kesho mtakuja kuuliza wasio na ugonjwa?"

Ndipo akanyanyuka nesi mmoja mnene wa wodi ya wazazi, Sista Restituta, ambaye ndiye aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wetu. "Mheshimiwa, nyumba zetu mmevunja, mmetuhamishia kule machimboni. Asubuhi tunakuja na gari la kuchangia. Sasa tukifika hapa, sisi wafanyakazi tunapitia wapi?"

"Mtapitia kwenye foleni, kama mwananchi mwingine yeyote. Hii ni serikali isiyobagua."

Makofi. Sista Restituta alibaki amesimama. Mtu wa itifaki akamgusa bega akamwambia, "Kaa, sista, umeshajibiwa."

*

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa inahusu watu ninaowajua.

Jirani yangu Kibwana ni mvuta mkokoteni. Mkewe anaitwa Sikudhani, mwanamke mwembamba mwenye mdomo wa moto, asiyekubali kusimama nyuma ya mtu kisimani wala dukani. Alikuwa na mimba yake ya kwanza baada ya miaka mingi ya kwenda huku na huku kutafuta. Siku ile alfajiri chupa ya uzazi ilipasuka, na mkunga wa mtaa alipomtazama alitoka nje akinawa mikono haraka haraka.

"Mtoto amelala mshazari," alisema. "Mkono umetoka, kichwa hakipo njiani. Hapa mimi sina langu. Mpelekeni akapasuliwe, na msichelewe, la sivyo mtawakosa wote wawili."

Tukatandika godoro kwenye mkokoteni, tukamlaza. Kibwana akavuta, mimi nikasukuma. Sikudhani alikuwa ameuma upindo wa kanga yake mpaka tulipofika getini.

Afisa Foleni alikuwa kijana nadhifu aliyevaa glavu nyeupe. "Kwa gari au kwa miguu?"

"Kwa mkokoteni," akasema Kibwana.

"Sikuuliza hivyo. Mtu wa miguu hatambuliki humu ndani. Hicho ni gari?"

"Kina magurudumu, bosi."

"Hata kabati la mke wangu lina magurudumu. Injini iko wapi?"

"Injini ndiyo mimi."

Afisa akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. Nyuma yetu bajaji ilikuwa inapiga honi. Nikaona jasho la Sikudhani linavyochuruzika mpaka kwenye godoro, nikaingilia kati. "Afande, gari la ng'ombe si linaitwa gari? Nalo halina injini."

Akawaza. Akafungua kitabu cha sheria, akasoma huku midomo ikimcheza. "Ni kweli. Gari la ng'ombe limo. Ng'ombe yuko wapi?"

Kibwana aliachia mpini kwa mkono mmoja, akajifuta uso. Mtu huyu kwao ni mtoto wa watu, babu yake aliwahi kuwa kadhi. "Ndiye mimi, mzee," akasema.

Wakampiga muhuri wa bluu mkononi, muhuri wa mifugo, na Afisa akamsomea masharti: ng'ombe haruhusiwi kuachana na gari lake. Gari lolote likionekana bila wa kuliendesha, foleni imevunjwa, na wote walio nyuma yake watarudishwa getini waanze upya. "Mmeelewa?"

"Moo," akasema Sikudhani kutoka kwenye godoro. Lilikuwa ndilo neno lake la kwanza tangu nyumbani.

*

Ndani ya jengo palikuwa na giza na moshi. Barabara ilipanda kwa ukali, nyembamba kiasi kwamba gari moja likipita mtu anajibanza ukutani. Tulikuwa tukisogea hatua chache, tunasimama, tunasogea, tunasimama. Mkokoteni hauna breki. Kila tuliposimama, Kibwana aliuegemea mpini kwa kifua usirudi nyuma, miguu ameikaza, mishipa ya shingo imemtoka. Nilivua kiatu nikakisokomeza chini ya gurudumu. Kiliteleza. Nyuma yetu, karibu kabisa, ilikuwa ile bajaji, na ndani yake mama aliyempakata mtoto mwenye degedege.

"Baba, usije ukaliachia," alimwambia Kibwana. "Nakuomba."

"Siliachii, mama."

Kipaza sauti kilikuwa kinatangaza kutoka darini: "Ndugu mgonjwa, subira ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ipo njiani."

Mbele yetu kulikuwa na pikapu ya wazi iliyojaa manesi wameketi na vikapu vyao vya chakula. Mmoja akageuka. Alikuwa Sista Restituta, anakwenda kazini.

"Sikudhani? Wewe? Imekuwaje?"

Nikamweleza. Sista aliteremka, gari la kuchangia lina dereva wake kwa hiyo sheria haikuvunjika, akafunua kanga, akaangalia, akafunika. Uso wake ulibadilika.

"Huyu anatakiwa awe mezani sasa hivi," aliniambia kwa sauti ya chini. "Si baadaye. Sasa hivi."

"Mpasuaji yuko juu?"

"Juu hakuna mtu. Mpasuaji yuko pale." Akanionyesha gari la bluu, lililokuwa mbele ya pikapu yao.

Nikakimbia. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mikono yote miwili kwenye usukani, redio imezimwa. Nadhani alikuwa ameshasikia kila kitu. Nilimwambia kuna mtu anakufa hatua chache nyuma yake.

"Kaka, mimi bado sijafika kazini," alisema, na hakunitazama. "Nikimshika mgonjwa hapa barabarani ni kosa. Na nikitoka, gari linabaki bila dereva. Watarudishwa wote walio nyuma, na yeye akiwemo. Unafikiri sijafikiria?"

Sikumchukia, ingawa nilitaka sana kumchukia.

Wakati huo huo nilisikia ugomvi nyuma. Sikudhani alikuwa ameketi kwenye mkokoteni, anashusha mguu.

"Unafanya nini?" Kibwana alimaka. "Ukiteremka huna foleni!"

"Foleni ni yako," alisema mkewe. "Mtoto ni wangu."

Akateremka. Akajishika ukutani. Akaanza kupanda kwa miguu yake, kanga ikiwa imelowa, anapita ubavuni mwa pikapu, anasimama, anauma kanga, anapanda tena. Walinzi wawili wa foleni walitokea juu, wakatazamana. Hakuna kifungu kilichowapa amri ya kumzuia mtu wa miguu, kwa kuwa mtu wa miguu hakuwepo kisheria. Mmoja aliinua mkono, akaushusha. Sista Restituta alikwishamshika Sikudhani kiunoni, na manesi wenzake wakaruka chini na vikapu vyao wakawafuata.

Alipofika kwenye gari la bluu, Sikudhani aliinama dirishani. "Daktari, mimi natangaza kwamba sionekani. Ukinishika, utakuwa umefanya kosa gani?"

Daktari akanigeukia. "Unajua kuendesha?"

"Sijui."

"Kukaa je?"

"Kukaa najua."

"Basi kaa hapa. Usiguse kitu." Akatoka, akanisukumia ndani, akakimbia.

Hivyo ndivyo mimi, fundi viatu, nilivyokuja kuketi nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kwenye kioo kidogo niliiona pikapu iliyobaki na dereva wake peke yake, na nyuma yake Kibwana, kifua kwenye mpini wa mkokoteni mtupu. Alitaka kumfuata mkewe. Alipolegeza tu, mkokoteni ulirudi nyuma, na mama wa bajaji akapiga ukelele akimfunika mtoto wake. Kibwana akaudaka. Akatulia pale, ng'ombe wa serikali, akitazama juu mahali mkewe alipopotelea kwenye kona.

*

Tukasubiri. Magari mengi yalizima injini, ila moshi haukuwa na pa kutokea.

Sauti ikaanza kushuka kutoka juu, dirisha kwa dirisha, kila dereva akimpa aliye nyuma yake: "Anatafutwa mtu wa usingizi! Mtu wa usingizi!" Yaani yule mtaalamu wa kumlaza mgonjwa kabla ya kisu, naye alikuwa huko chini kabisa kwenye foleni. Nilipokea, nikaipaza kwa dereva wa pikapu, naye akaipaza. Ilipofika mizunguko ya chini ikawa ni kwamba kuna dereva amesinzia, ndiye anayezuia foleni. Watu wakapandwa na hasira. Honi zikaanza kupigwa jengo zima kumwamsha mtu huyo. Nilitoa kichwa dirishani nikapayuka mpaka koo likakauka, "Si dereva! Ni daktari! Ni daktari wa usingizi!" Hakuna aliyenisikia. Honi ziliendelea, zikaendelea, na mimi nikaupiga usukani ngumi kama mwendawazimu, na honi yangu nayo ikalia. Serikali yangu naipenda, lakini pale, Mungu anisamehe, niliitukana matusi ambayo hata kwa ngozi ngumu sijawahi kuyatumia.

Mwishowe mtu wa usingizi mwenyewe, gari lake nadhani kamwachia wa kukaa kama mimi, alipita mbio na begi lake kwenda juu, shati limemganda mgongoni. Alikuwa amechelewa. Kiasi gani, sikujua.

Tukakaa tena. Mama wa bajaji alikuwa anamwimbia mwanawe kwa sauti ndogo. Kibwana hakuwa amebadilisha mkao.

Halafu habari ikashuka tena kutoka kwenye kona, dirisha kwa dirisha, na safari hii ilikuja ikiwa nzima: "Mtoto wa kike! Mzima! Analia!"

Nilimpigia kelele Kibwana mwenyewe, sikumngoja wa pikapu. Akaweka paji la uso juu ya mpini. Dereva wa pikapu alipiga kofi mlango wake, na watu nisiowajua, kule nyuma gizani, walishangilia.

Kibwana akainua kichwa. "Kaka! Uliza, mama yake je?"

Nikauliza. Swali likapanda. Nililisikia likienda, mdomo kwa mdomo, likapinda kona, likafifia. Kipaza sauti kilikuwa kinaeleza faida za kufunga mikanda.

Jibu lilichukua muda. Lilipoanza kushuka, lilishuka polepole, na nikaona kwamba kila dereva alikuwa analisema kwa sauti ya chini kuliko mwenzake. Wa mbele yangu alikuwa mzee mwenye kofia. Aliivua kwanza, kisha akatoa uso dirishani.

"Ametangulia," alisema.

Akarudia, kwa upole, labda akidhani sikusikia. "Mwambie mwenzako, ametangulia."

Nikageuka. Sikuwa na neno jingine la kumpa, nami ni mtu wa kupokea na kupitisha tu. Nikalipitisha kama lilivyonijia. Dereva wa pikapu alilipokea, akafumba macho, akalipeleka nyuma.

"Ametangulia?" ilifoka sauti ya mtu nyuma ya bajaji. "Ametangulia kwa ruhusa ya nani? Sisi tupo hapa tangu asubuhi!" Na mwingine naye akadakia, na honi ikapigwa.

Kibwana alicheka. Kwa mara ya kwanza siku ile, mtu yule alicheka kwa sauti, kifua chake kikiwa bado kimeubana mpini. "Mnamsikia? Waacheni waseme! Kaka, si unamjua shemeji yako? Lini mwanamke yule amekubali kukaa kwenye foleni?"

Mama wa bajaji aliacha kuimba. Alimtazama Kibwana, akajifunika mdomo kwa ushungi.

Mbele yangu taa nyekundu za gari la mzee zikazimika. Foleni ilikuwa imeanza kusogea. Gari la mzee likapanda, likaacha pengo kubwa, na walinzi wakanipungia mkono nisogee. Honi zikapigwa nyuma yangu, nyingi.

"Washa gari, kaka!" Kibwana aliniita, ameshaushika mpini kwa mikono miwili, miguu ameitanguliza tayari kuvuta. "Washa twende, ananisubiri!"

Ufunguo ulikuwa pale pale karibu na goti langu. Sikuugusa.